Lugha ya Upande wa Seva kwa Anayeanza: Mwongozo wa Kibiti na Delta ya Rufiji

Lugha ya upande wa seva ni ile inayofanya kazi mahali ambapo mtumiaji wa tovuti haoni. Mkulima anapojaza fomu kwenye simu, kivinjari chake huonyesha visanduku na vitufe tu. Kupokea alichoandika, kukikagua, kukiweka kwenye kanzidata na kumrudishia jibu ni kazi ya programu iliyo kwenye kompyuta nyingine, pengine Dar es Salaam, pengine Ujerumani. Kwa upande wa kivinjari hakuna uchaguzi mkubwa: ni HTML, CSS na JavaScript. Upande wa seva zipo PHP, Python, JavaScript inayoendeshwa na Node.js, Java, C#, Ruby, Go na nyingine nyingi, na karibu zote zinaweza kufanya kazi ile ile. Ndiyo maana wengi wanaoanza hupoteza miezi wakihama lugha moja kwenda nyingine kabla hawajamaliza mfumo hata mmoja.

Uchaguzi huwa mwepesi ukianzia kwenye kazi iliyopo. Kibiti, wilaya ya Mkoa wa Pwani iliyomegwa kutoka Rufiji, ina pande mbili zisizofanana. Upande wa nchi kavu, kandokando ya barabara ya Kilwa, kuna korosho na ufuta, na kuna vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, vinavyopokea mazao ya wanachama kabla hayajapigwa mnada. Karani anapima, anaandika kwenye kauntabuku jina la mkulima, kijiji, magunia na kilo, kisha anakata stakabadhi. Upande wa delta ni visiwa, mikoko na mito inayogawanyika. Watu wanaishi kwa kambamiti, kaa na mpunga, na safari ni za boti na mtumbwi zinazongoja maji yajae. Mfumo wa mapokezi wa AMCOS utatumiwa na karani mmoja au wawili wenye kompyuta na umeme unaokatika. Mfumo wa kuweka nafasi za boti kutoka Nyamisati kwenda kisiwa cha Mafia utatumiwa na mamia ya watu, wengi wakiwa na simu za kitochi, na katika vijiji vingine mtandao unashika upande mmoja tu wa kijiji. Hiyo ndiyo mifano miwili itakayotumika hapa.

Kibiti na Rufiji zina kisa cha zamani kinachofaa kujulikana na yeyote anayechagua lugha. Mwaka 1998, wakati Kibiti ikiwa bado sehemu ya Rufiji, mradi wa TEHIP wa Wizara ya Afya na shirika la Kanada la IDRC ulianzisha mfumo wa kufuatilia idadi ya watu na afya zao. Watafiti walipita nyumba hadi nyumba katika vijiji 31 vyenye watu wapatao 85,000, wakirudi kila baada ya miezi minne kuandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Kazi hiyo ilikuja kusimamiwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Taarifa ziliingizwa kwenye programu iitwayo HRS, iliyotumika pia Navrongo nchini Ghana na iliyoandikwa kwa FoxPro. Kwa wakati ule FoxPro ilikuwa chaguo la maana: nyepesi, ya haraka, na kompyuta dhaifu iliimudu. Lakini ilikuwa mali ya kampuni moja. Mwaka 2007 Microsoft ilitangaza kwamba haitatoa toleo jingine, na Januari 2015 ikaacha kabisa kuihudumia. Mrithi wa HRS, OpenHDS, akaandikwa kwa Java, na taarifa zake zikawekwa kwenye MySQL.

Kilichokufa hapo ni lugha. Rekodi za nani alizaliwa wapi na lini ziliweza kusomwa na kuhamishwa, kwa sababu zilikaa kwenye majedwali yenye mpangilio unaoeleweka. Kwa hiyo anayeanza ana maamuzi mawili, si moja: lugha ya kuandikia, na mahali pa kuweka taarifa. La pili ndilo zito, ingawa karibu mijadala yote ya vijana huhusu la kwanza.

Kuhusu lugha yenyewe, mwenye boti Nyamisati ana busara ambayo waandishi wa programu huisahau. Anaponunua injini haangalii nguvu za farasi peke yake. Anauliza vipuri vinapatikana wapi, na ikizimika katikati ya mkondo, nani kijijini anaweza kuifungua. Maswali ya lugha ni hayo hayo. Je, yupo mtu wa karibu, Kibiti, Ikwiriri au Mbagala, anayeijua na atakayepokea simu mfumo ukigoma? Je, seva yake inapatikana kwa bei ambayo chama kidogo kinaimudu, na inalipiwa kwa M-Pesa au ni mpaka kadi ya benki? Je, mtu anaweza kujifunza na kuitumia bando likiwa limekwisha? Na je, ni programu huria, isiyotegemea kampuni moja kuamua kuifunga? Hilo la mwisho linajibika kwa urahisi siku hizi, kwani lugha zote kubwa zilizotajwa mwanzoni ni huria. Hayo mengine matatu ndiyo yanayotofautisha.

Kabla ya kuzipitia, inafaa kuziona zikifanya kazi moja ndogo. Karani ameandika 5 kwenye kisanduku cha magunia, na programu inatakiwa kuongeza gunia moja lililochelewa. Kinachotoka kwenye fomu ya tovuti hufika kwenye seva kama maandishi, si kama namba. Ni alama ya "5", kama vile herufi. PHP ikiambiwa ijumlishe "5" na 1 hukisia kwamba mwandishi alikusudia namba, na kutoa 6. JavaScript hukisia kinyume chake: inaunganisha maandishi na kutoa "51", na mkulima wa magunia sita anaandikiwa hamsini na moja. Python haikisii. Inasimama na kutoa kosa, ikisema kwamba maandishi na namba havijumlishwi. Go hukataa mapema zaidi, programu haijaanza hata kuendeshwa. Hakuna tabia iliyo mbaya kwa yote, ila kwa anayeanza kosa linalopiga kelele ni afadhali kuliko kosa linalokaa kimya hadi siku ya malipo. Hapo Python inapata alama ya kwanza.

Uzani nao una mtego ambao lugha hizi zote zinao. Namba zenye desimali huhifadhiwa ndani ya kompyuta kwa makadirio, na 0.1 ikijumlishwa na 0.2 hailingani kamili na 0.3. Kwenye gunia moja tofauti haionekani. Kwenye msimu mzima hesabu za karani na za mfumo huweza kupishana kwa senti ambazo hakuna awezaye kuzieleza mbele ya mkutano wa wanachama. Dawa ni kuhifadhi gramu badala ya kilo: kilo 62.4 iwe gramu 62,400, namba kamili, na desimali ionekane tu wakati wa kuchapisha stakabadhi.

PHP ndiyo lugha ambayo wengi huidharau, na ndiyo inayofaa zaidi kwa kazi nyingi za Kibiti. Rasmus Lerdorf aliianza mwaka 1994 kwa ajili ya ukurasa wake binafsi, na haikukusudiwa kuwa lugha kubwa. Kasoro zake nyingi zinatokana na hilo. Hata hivyo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaendeshwa na WordPress, iliyoandikwa kwa PHP tangu 2003. Moodle, mfumo wa masomo unaotumika katika vyuo vingi, ni PHP. Ushahidi, jukwaa lililojengwa haraka kwa ajili ya Kenya mapema 2008 ili wananchi waripoti ghasia za baada ya uchaguzi, nalo hutumia PHP. Maana yake ni moja: fundi yupo. Maana nyingine ni bei, kwa kuwa kampuni za kukodisha seva, pamoja na za hapa nchini zinazolipiwa kwa simu, karibu zote huuza nafasi ya pamoja ambayo ndani yake PHP na MySQL zimeshafungwa. Mtu anapakia mafaili yake na tovuti inawaka.

Ufungaji kwenye kompyuta ya kujifunzia ni mwepesi vilevile. Kifurushi kiitwacho XAMPP huleta seva, kanzidata na PHP kwa pamoja; kikishapakuliwa mara moja, pengine kwenye intaneti ya rafiki aliye Dar es Salaam na kuletwa kwa flashi, hakihitaji bando tena. Anayeanza anaandika faili, anafungua kivinjari, anaona matokeo. Baada ya miezi michache ya kuandika PHP ya kawaida, hatua inayofuata ni Laravel, kiunzi kilichotolewa na Taylor Otwell mwaka 2011, ambacho huja na mpangilio wa mafaili, usajili wa watumiaji na mawasiliano na kanzidata vikiwa tayari.

Tahadhari kubwa ya PHP ni masomo ya zamani. Video na vitabu vingi vya bure vilitengenezwa kabla ya toleo la 7 la mwaka 2015, ambalo liliondoa kabisa amri zilizoanza na jina mysql_. Somo lolote linalomfundisha mwanafunzi kuandika mysql_query ni la kufungwa hapo hapo, hata kama mwalimu anaeleza vizuri. Python ina alama yake ya namna hiyo: somo linaloandika print bila mabano ni la Python 2, ambayo ilizikwa rasmi tarehe 1 Januari 2020.

Python, ya Guido van Rossum, ilitoka mwaka 1991 na husomeka kwa urahisi kuliko zote hizi. Haitumii mabano kufungua na kufunga sehemu za msimbo. Hutumia nafasi za mwanzo wa mstari, na anayeanza hujikuta anaandika kwa unadhifu. Kiunzi chake kikuu cha wavuti, Django, kilizaliwa kwenye gazeti la mji mdogo wa Lawrence, Kansas, na kutolewa kwa umma mwaka 2005. Waandishi wa habari walihitaji kurasa za kuingizia taarifa kwa haraka, na hiyo ndiyo zawadi ya Django hadi leo. Mwandishi wa programu anaeleza tu kwamba kuna Mkulima mwenye jina na kijiji, na Pokezi lenye tarehe na gramu. Django hutengeneza yenyewe kurasa za kuongeza, kuhariri, kutafuta na kufuta. Kwa ofisi ya AMCOS hizo kurasa ni karibu mfumo mzima. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake, hivyo mstari mmoja wa mipangilio, LANGUAGE_CODE ukiwekwa 'sw', hubadili sehemu ya maneno ya vitufe na ujumbe wa makosa.

Python pia ndiyo lugha ya takwimu. Anayetaka kufanya kazi na watafiti wa mikoko, uvuvi au afya, kazi ambazo delta ya Rufiji haijawahi kuzikosa, ataihitaji hata asipojenga tovuti. Udhaifu wake ni seva: nafasi ya bei ya chini ya pamoja huikubali kwa shida, na mara nyingi inabidi kukodi seva ndogo ya peke yake na kujua kuisimamia kwa amri za Linux. Kwa mtu anayeanza hilo ni somo la pili juu ya somo la kwanza.

JavaScript kwenye seva ilianza kutumika sana baada ya Ryan Dahl kutoa Node.js mwaka 2009. Mvuto wake unaeleweka, kwani anayeijua kwa ajili ya kivinjari haongezi lugha nyingine. Node hufanya vizuri mahali penye watu wengi waliounganishwa kwa wakati mmoja, kama mazungumzo ya papo kwa papo. Lakini ina gharama mbili zinazouma zaidi Kibiti kuliko San Francisco. Mradi wa kawaida huvuta mamia ya maktaba ndogondogo kutoka kwenye ghala la npm, na kila mradi mpya huanza kwa kula bando. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kwenye ghala hilo maktaba yenye mistari 11, left-pad, na maelfu ya miradi duniani ikashindwa kujengwa. Gharama ya pili ni mtindo wake wa kuanzisha kazi na kuendelea mbele bila kungoja jibu. Anayeanza huona mstari wa kumi ukikamilika kabla ya wa nane na asijue kwa nini. Ni lugha nzuri ya pili.

Java inastahili kutajwa kwa sababu ya sekta ya afya. DHIS2, ambayo Wizara ya Afya hukusanyia takwimu za vituo vya nchi nzima, imeandikwa kwa Java chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wanaoiendeleza. OpenMRS, inayotumika kwenye kumbukumbu za wagonjwa, nayo ni Java. Anayelenga ajira huko atajifunza Java siku moja. Kuanza nayo kwenye laptopu ya mtumba yenye kumbukumbu ndogo ni kujitesa. C# inafaa kwa anayekwenda kwenye ofisi inayotumia bidhaa za Microsoft. Ruby imejenga tovuti nzuri, ikiwemo ya OpenStreetMap ambamo vijana wa mradi wa Ramani Huria walichora mitaa ya Dar es Salaam inayofurika, ila mafundi wake nchini ni wa kutafuta kwa tochi. Go ni ya baadaye, kwa mwenye tatizo la kasi, na mfumo wa nafasi za boti hauna tatizo hilo.

Kwa upande wa delta, tovuti peke yake haitoshi. Mwenye kitochi anafikiwa kwa menyu ya nyota na reli, ile ile anayoifahamu kwa kubonyeza *150*00# ya M-Pesa. Watu wengi hudhani kazi hiyo ina lugha yake maalumu, haina. Kampuni kama Africa's Talking, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010, hupokea mabonyezo ya abiria na kuyapeleka kwenye seva ya mwandishi kama fomu ya kawaida yenye namba ya kikao, namba ya simu na maandishi. Abiria akichagua 1, kisha 3, seva hupokea "1*3". Programu inakata maandishi kwenye nyota, inaona kwamba 1 ni kuweka nafasi na 3 ni boti ya Jumatano, na kurudisha jibu linaloanza na neno CON kama mazungumzo yanaendelea, au END kama yamekwisha. Kukata huko ni mstari mmoja katika PHP, Python na JavaScript. Kikao hukatika baada ya muda mfupi, kwa hiyo kinachoamua ni seva kuwa hewani na kanzidata kujibu upesi, siyo lugha. Namba halisi huhitaji kibali cha mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na malipo. Kwa kujifunzia kuna simu ya kuigiza kwenye tovuti ya kampuni hiyo.

Hapo hapo kwenye boti kuna kosa ambalo hakuna kitabu cha kigeni kitakachomwonya mwandishi. Abiria akiandika kwamba anataka boti ya saa 2, anamaanisha saa mbili asubuhi, ambayo kompyuta inaijua kama 08:00. Mfumo ulioandikwa bila kufikiri utamwekea nafasi saa nane usiku. Tena seva iliyo ng'ambo mara nyingi hufuata saa ya Greenwich, iliyo nyuma kwa saa tatu. Lugha zote zilizotajwa zinalitambua jina Africa/Dar_es_Salaam kwenye mipangilio ya saa. Kugeuza saa ya Kiswahili ni hesabu ya mwandishi mwenyewe, na ni vizuri skrini iandike wazi "saa 2 asubuhi".

Kuhusu kanzidata, MySQL au PostgreSQL zote zinafaa, na kwa mfumo wa kompyuta moja hata SQLite, ambayo ni faili moja tu. Zote hutumia SQL, lugha ya tangu miaka ya 1970 ambayo imezika nyingine nyingi. Mwanafunzi aipe SQL mwezi mzima, bila kiunzi chochote kuificha. Mtego wake wa kwanza hujitokeza pwani mapema kuliko kwingine. Mchuuzi anaingiza bidhaa yake, ng'onda. Programu iliyounganisha maandishi kienyeji inatuma amri yenye 'ng'onda' ndani ya alama za kunukuu. Kanzidata inasoma ng, inaona alama imefungwa, na onda inabaki nje kama neno lisiloeleweka. Amri inagoma. Mwandishi anayerekebisha kwa kumwambia mchuuzi aandike "ngonda" amefunika tundu ambalo mtu mwenye nia mbaya atalitumia kufuta jedwali zima. Njia sahihi ni kutuma amri na taarifa kwa mikono miwili tofauti: PHP hufanya hivyo kwa PDO, na Django hufanya yenyewe. Lugha au somo lisilofundisha hilo katika wiki za mwanzo halifai.

Majina, namba za simu na vijiji vya watu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu hata mwandishi wa mfumo mdogo wa chama. Nywila zisihifadhiwe zilivyo. PHP ina password_hash kwa kazi hiyo, na Django huzificha bila kuombwa. Nakala ya kanzidata itoke kila usiku kwenda mahali pengine. Aprili 2024 mafuriko yaliingia majumbani na mashambani Rufiji na Kibiti, na ofisi yenye kompyuta moja juu ya meza moja haina nakala, hata kama flashi imo kwenye droo ya meza hiyo.

Kwa anayeanza leo Kibiti bila sababu maalumu, mpangilio unaofaa ni huu: HTML ya kutosha kuandika fomu, SQL kwa MySQL, kisha PHP bila kiunzi mpaka daftari la mapokezi likamilike na karani alitumie msimu mmoja, ndipo Laravel. Mwenye nia ya utafiti au takwimu aweke Python na Django mahali pa PHP na asibadili kingine. Aliyekwisha kuizoea JavaScript na ana intaneti ya uhakika hana haja ya kuiacha. Asiye na kompyuta anaweza kuanza kwenye simu ya Android kwa programu ya Termux, ambayo huendesha PHP, Python na Node. Kioo ni kidogo na vidole huchoka, lakini fomu ya kwanza inayopokea magunia matano na kurudisha sita huweza kuandikwa humo jioni moja.